Pesa Mkononi, Toka Kodi ya Nyumba Hadi M-Pesa

Kuna sentensi moja nimechoka kuiskia huku Kilifi: ati mpe maskini pesa mkononi, kesho utamkuta mangweni. Wenye duka wanaisema, walimu wanaisema, hata mtu ambaye mwenyewe alipokea anaisema, tena kuhusu jirani yake, si kuhusu yeye. Mimi chuo sikumaliza, karo ilinishinda mwaka wa pili, kwa hivyo msinitarajie nije na lugha ya profesa. Lakini kusoma najua. Na haya mambo ya pesa mkononi hapa kwetu yana historia ndefu kuliko simu.

Kabla ya yeyote kumletea Mgiriama pesa, walitangulia wa kuzichukua. Mwaka 1912 Mwingereza aliyeitwa Arthur Champion alitumwa kwa Wagiriama kuhakikisha mambo mawili: kodi ya nyumba inalipwa, na vijana wanatoka kwenda kufanya kibarua. Sasa jiulize, kwani walikuwa wamekaa bure? Hapana. Walikuwa wakilima mahindi ng'ambo ya mto Sabaki na kuyauza Malindi. Walikuwa na pembe za ndovu, walikuwa na mifugo. Shida ya serikali ya mkoloni ilikuwa kwamba hawa watu hawakosi kitu. Mtu asiyekosa kitu hutampata shambani kwako akikata mkonge wala kuokota pamba kwa mshahara mdogo. Kwa hivyo kodi haikuwa ya kujaza hazina tu, ilikuwa ya kumfanya mtu akose.

Mekatilili wa Menza mnamjua, sina haja ya kumtambulisha. Mwaka 1913 yeye na Wanje wa Mwadorikola walizunguka wakilisha watu kiapo, wakakamatwa, wakapelekwa mpaka Kisii. Mwaka uliofuata walitoroka, wakarudi. Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Halafu ikaja faini: rupia 100,000, na wapagazi 1,000 wa kwenda vitani. Juu ya hayo, watu walifurushwa kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, ile ile ardhi iliyokuwa inawalisha, nyumba zikachomwa. Baadaye waliruhusiwa kurudi, lakini kwa wakati huo tayari walikuwa wageni kwenye ardhi ambayo kwa karatasi si yao. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilikuwa imeshapita huku ukanda wa pwani, na madai ya Mijikenda hayakuhesabiwa. Shikeni hapo kwenye kaskazini ya Sabaki, nitarudi.

Mwaka 1972 David Parkin alichapisha kitabu kuhusu Wagiriama wa upande wa Kaloleni, "Palms, Wine, and Witnesses". Alikuwa ameishi nao miaka ya 1960. Anachoeleza ni hiki: bei ya nazi kavu ilipokuwa nzuri, minazi ikawa mali ya kweli. Mwenye matanga au mwenye mahari ya kulipa alihitaji pesa haraka, akauza minazi, kisha akauza na ardhi iliyo chini ya minazi. Wanunuzi walikuwa ni wale wale wachache, wengi wao vijana kuliko wauzaji. Kwa hivyo umaskini mwingi wa pale haukuletwa na ulevi wala uvivu. Uliletwa na msiba. Mzee anafariki, lazima watu wale, lazima tembo limwagike, na kesho yake minazi kumi ina mwenyewe mwingine.

Na kuna sehemu ya kitabu hicho ambayo mimi huwa naisimulia kila nikipata nafasi. Wale walionunua waliogopa. Mtu akiinuka peke yake kijijini hatakiwi, anaweza kurogwa, na akikaa kunywa na wenzake anaweza kutiliwa kitu. Sasa wengine waliugua, mganga akawaambia una pepo wa Kiislamu, hataki tembo, hataki nyama isiyochinjwa kihalali. Basi mtu akasilimu kwa sababu ya tiba. Kuanzia hapo ana ruhusa ya heshima kabisa ya kutokula wala kunywa na watu, na pesa zake zinabaki mfukoni. Mimi siingilii imani ya mtu, wengine waliamini kwa dhati na wajukuu wao ni Waislamu safi mpaka leo. Nasema tu kwamba shinikizo la kugawa lilikuwa kubwa mpaka mtu akahitaji pepo ili aweze kuweka akiba.

Tuvuke mto sasa. Ng'ambo ya Sabaki ndiyo Magarini. Mwishoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Kenya pamoja na msaada wa Australia walianzisha mradi mkubwa wa makazi pale. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi: msitu ufyekwe kwa mashine, watu wagawiwe viwanja, walime kisasa mahali pamoja badala ya kuhamahama na jembe. Waliokuwa wanaishi humo tayari walihesabiwa kama maskwota, kwenye ardhi ambayo babu zao walifurushwa 1914. Ardhi ikafyekwa, mvua haikufuata ratiba ya wataalamu, maji ya kutosha hayakupatikana, na udongo uliokuwa ukipumzishwa miaka kadhaa kabla ya kulimwa tena ukachoka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 Waaustralia walikuwa wamefunga mizigo. Mwaka 1991 Porter, Allen na Thompson waliandika kitabu kizima kuhusu kushindwa kwa mradi huo. Wahandisi walilipwa, washauri walilipwa, madereva walilipwa. Aliyekuwa akisaidiwa alipata kiwanja kikavu na ushauri.

Kiwanda cha korosho cha Kilifi nacho mnakijua, kilikufa miaka ya 1990, sitaki hata kuanza.

Sasa ndiyo tufike kwenye pesa yenyewe. Mwisho wa mwaka 2004 serikali ilianza kwa majaribio kuzipa pesa familia 500 zinazolea mayatima, katika Garissa, Nairobi na jirani zetu wa Kwale. Shilingi 500 kwa mwezi. Mwaka 2007 M-Pesa ikaja. Mwaka 2018 wazee wa miaka 70 na zaidi wakaanza kulipwa 2,000 kwa mwezi chini ya Inua Jamii, na kila anayefuatilia habari anajua malipo yale hukwama, kisha yakaja ya miezi kadhaa kwa pamoja. Kando ya serikali kukawa na GiveDirectly, shirika la Wamarekani linalotuma pesa moja kwa moja kwenye simu bila kumwambia mtu azifanyie nini. Walianzia Nyanza, na Kilifi pia wamefika.

Hapo Nyanza ndipo wachumi walipopima. Rarieda, kati ya 2011 na 2013, Haushofer na Shapiro walilinganisha waliopata na waliokosa. Pombe na sigara hazikuongezeka. Kilichoongezeka ni chakula, mifugo na mabati. Siaya ikafuata, kubwa zaidi: kaya zaidi ya 10,000, kila moja kama dola 1,000. Kila dola iliyoingia ilizungushwa mpaka ikaleta kama mbili na nusu kwenye uchumi wa pale, na bei za vitu karibu hazikusogea. Wenye duka mnaolalamika, hebu rudieni hiyo sentensi. Aliyepokea ni jirani, aliyeuza sukari na misumari ni nyinyi.

Halafu mwaka 2025 data ya Siaya ikatoa jambo lililonifanya ninyamaze kidogo. Vifo vya watoto wachanga, chini ya mwaka mmoja, vilipungua karibu nusu kwenye familia zilizopewa pesa. Sababu moja ni kufika hospitali, hasa kwa walio karibu nayo. Sababu nyingine ni kwamba mama mjamzito, ile miezi ya mwisho, alipunguza kazi. Alipumzika. Tafadhali mnaosema pesa za bure zinaleta uvivu, huo ndio uvivu wenyewe: mwanamke wa miezi minane kutobeba mzigo wa kuni juani. Mimi nimewaona kina mama wa Ganze na mtungi wa lita 20 mgongoni na tumbo mbele. Kama pesa inanunua kukaa chini, basi inunue.

Na mangwe? Tembo hapa kwetu ni zao. Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, mama anauza, pesa hiyo inalipa karo. Nusu ya wanaotoa hotuba dhidi ya mangwe walisomeshwa na mangwe.

Lakini sitawadanganya kwamba hakuna ubaya. Huko Rarieda waliokosa pesa, huku jirani akiezeka mabati, walijisikia vibaya zaidi kuhusu maisha yao kuliko mwanzo. Homa Bay mwaka 2015 watu wengi walikataa kabisa, uvumi ukasema ni pesa za shetani. Tusiwacheke, sisi ndio tuliosilimu kwa ajili ya pepo ili tusigawe. Kongo mashariki, shirika hilo hilo liliibiwa karibu dola 900,000 na baadhi ya wafanyakazi wake mwenyewe mwaka 2022, maskini hawakuona kitu. Kwa hivyo kuwapa kijiji kizima ni bora kuliko kuchagua nyumba moja na kuruka ya pili, na kumuahidi mtu kwa muda mrefu ni bora kuliko kumshtukiza. Siaya na Bomet, walioahidiwa pesa ndogo ya kila mwezi kwa miaka 12 walifanya jambo ambalo mama zetu wanalijua: waliingia kwenye chama, wakazungushiana, kila mmoja akapata mkupuo wa kufanyia jambo la maana. Hakuna profesa aliyewafundisha.

Kinachonisumbua mimi ni kitu ambacho utafiti wa Siaya hauwezi kunijibu, kwa sababu kule watu wengi wanaishi kwenye ardhi ya ukoo wao. Sisi hapa? Mtu wa Magarini au Malindi akipata laki moja leo anaweza kununua mbuzi, kulipa karo, kumaliza deni la matanga. Bomba la maji hawezi kuchimba. Maji ya Baricho yanavutwa kutoka Sabaki hiyo hiyo kwenda mpaka Mombasa, na kuna vijiji vinavyoyaskia tu yakipita. Hatimiliki pia hawezi kuinunua kwa pesa hiyo, ikiwa shamba lina mwenyewe aliyeko mbali ambaye hata sura yake hawaijui.

Angalieni nyumba za maskwota mkipita huko. Mabati mapya juu, yanang'aa, na chini ni miti na udongo ule ule wa zamani. Watu wa mjini wanaona hapo mtu asiyejua kupanga mambo. Ukiuliza utaambiwa hesabu yenyewe: siku mwenye shamba akija na tingatinga, mabati unayang'oa usiku ukayabeba kichwani. Ukuta wa mawe haubebeki.