Heri Nane juu ya Soko la Watumwa: Mkunazini, Mbweni na Waraka wa 1920

Mgeni anayezuru Mkunazini hupelekwa kwanza chini ya ardhi. Chini ya jengo la St Monica, ubavuni mwa Kanisa Kuu la Kristo, mna vyumba vya mawe ambavyo dari yake ni fupi hata mtu mzima hawezi kusimama wima, na hewa huingia kwa matundu membamba. Humo, huambiwa, ndimo walimofungiwa watumwa wakingoja kuuzwa. Maelezo hayo yana kasoro ya wazi. Soko lilifungwa tarehe 6 Juni 1873, Sultani Barghash alipokubali mkataba na Waingereza, nalo jengo lile lilijengwa na misheni katika miaka ya 1890 kwa ajili ya huduma za hospitali. Kulisema hilo hakuwapunguzii heshima waliouzwa pale, maana soko lilikuwapo na watu waliuzwa kweli. Linalonishughulisha ni jinsi masimulizi yanavyoshika mizizi pasipo mtu kuuliza tarehe, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa pia kwa historia ya mahubiri yaliyotolewa juu ya uwanja ule. Wapo wanaosema kwamba Injili, kwa kusomwa tu Mkunazini, ilivunja minyororo. Wapo pia, na sauti yao imepata nguvu miongoni mwa wasomi, wanaosema kwamba Heri Nane za Yesu, zile za Mathayo sura ya 5, zilikuwa dawa ya usingizi: mtumwa alifundishwa upole, akaambiwa alie polepole na kungoja malipo yake mbinguni. Dai la kwanza halihitaji kujibiwa kwa kirefu. Mkataba wa 1873 ulipatikana kwa vitisho vya manowari za Uingereza, na utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja hadi amri ya Sultani Hamoud ya 1897, huku masuria wakiachwa nje mpaka 1909. Dai la pili ni zito zaidi. Lina ukweli wake kwa mahali fulani na wakati fulani, lakini halisimami mbele ya maandishi mawili yasiyosomwa sana siku hizi: simulizi za wanafunzi wa Kiungani zilizochapishwa 1887, na waraka wa Askofu Frank Weston wa 1920.

Kabla ya kuyafungua maandishi hayo inafaa kukumbuka kwamba Wakristo hawakuwahi kuzisoma Heri kwa namna moja. Mathayo anawataja maskini wa roho. Luka, katika sura ya 6, anawataja maskini bila nyongeza, kisha anawageukia matajiri na walioshiba kwa maneno makali. Augustino, katika ufafanuzi wake wa Hotuba ya Mlimani, alizipanga Heri kama ngazi ambayo nafsi hupanda hatua kwa hatua hadi kufikia hekima. Yohana Krisostomo aliwaona maskini wa roho kuwa ni wanyenyekevu. Krisostomo namstahimilia, kwa kuwa mhubiri huyo huyo hakuacha kuwakemea matajiri wa Antiokia na Konstantinopoli. Unyenyekevu aliouhubiri ulikuwa na anwani. Usomaji wa ngazi haunishawishi. Unamfaa mtu mwenye cheo cha kushuka na mali ya kuiacha, naye msikilizaji wa Mkunazini wa mwaka 1875 hakuwa na kimoja wala kingine. Ukizisoma Heri bila ngazi hiyo utaona kwamba hakuna hata moja inayomwamuru maskini aendelee kuwa maskini, au anayelia aendelee kulia. Ni tangazo kuhusu upande alioko Mungu, na tangazo la namna hiyo husikika vingine kwa wenye nguvu na vingine kwa wasio nazo. Swali la mwanahistoria, basi, ni nani aliyesomewa, na nani alikuwa ameshika kitabu.

Wamisionari Wakatoliki walitangulia Unguja mwaka 1860, kisha 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu wakahamishia sehemu kubwa ya kazi yao Bagamoyo. Kanisa lao la Minara Miwili tunaloliona leo Mji Mkongwe ni la miaka ya 1890. Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, iliingia 1864 chini ya Askofu Tozer, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid alimkabidhi askofu. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi 1879. Edward Steere, aliyekuja pamoja na Tozer na kuwa askofu 1874, ndiye aliyeifanyia Injili ya Mathayo, na Heri zikiwamo, Kiswahili cha Unguja. Katika kazi hiyo ya lugha alimpata Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, mwanachuoni wa asili ya Barawa na mmoja wa makadhi wa mji, aliyejitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu. Walifika zaburi ya 16 wakaacha, kwa kuwa shughuli za Sheikh zilikuwa nyingi na lugha yake, kwa maelezo ya Steere, ilikuwa ya kisomi kupita wasikilizaji waliokusudiwa. Habari hiyo fupi inaeleza mengi: maandiko hayo yalikuwa yanaandaliwa kwa ajili ya watu wa chini kabisa wa mji.

Ushahidi wa wanaoshtaki uko Mbweni. Shamba lilinunuliwa 1871, kusini mwa mji, na likawa kijiji cha watu waliotolewa majahazini na manowari za Kiingereza. Walipewa nyumba na vipande vya kulima, wakajengewa shule ya wasichana na kanisa la Mtakatifu Yohana. Ila mmisionari aliyewahubiria Jumapili ndiye aliyekuwa mwenye ardhi Jumatatu. Mahali ambapo mhubiri na mwenye shamba ni mtu mmoja, sifa za upole hugeuka upesi kuwa kanuni za kazi. Kanda ya pwani ilikuwa na mfano mbaya zaidi: huko Freretown, Mombasa, kijiji cha namna hiyo hiyo cha Church Missionary Society, mambo yalifika hadi kuwachapa viboko wakazi, ikalazimu uchunguzi kufanywa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Vilevile, katika miaka 24 kati ya kufungwa kwa soko na amri ya 1897, misheni ya Unguja iliishi jirani na mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa halali, na ilijihadhari sana isigombane na wenye mashamba hayo. Anayesema kwamba Heri zilitumika kuwatuliza watu ana pa kusimama. Kosa lake ni kuifanya Mbweni kuwa historia yote.

Mwaka 1887 Arthur Madan, ambaye wengi wanamfahamu kwa kamusi zake, alichapisha London kitabu kiitwacho *Kiungani*. Wenye maneno yale ni wavulana wa shule ya misheni iliyokuwa nje kidogo ya mji. Yeye alifasiri na kuhariri. Wanaeleza nyumbani kwao bara, Uyao, Umakua na kwingineko, vita au hila iliyowaingiza utumwani, jinsi walivyopita kutoka mkono hadi mkono wakibadilishwa kwa bidhaa, safari ya pwani, na jahazi lililokamatwa baharini. Inajulikana kwamba vitabu vya aina hii vilisaidia kuchangisha fedha Uingereza, na msomaji lazima aliweke hilo akilini, mhariri huchagua. Hata hivyo kipo kitu ambacho hoja ya dawa ya usingizi haiwezi kukieleza. Anayetaka kumtuliza aliyeumizwa humhimiza asahau. Hapa vijana walihimizwa kukumbuka, kwa majina ya mito, ya vijiji na ya watu waliowauza, na huzuni zao zikapewa hadhi ya ushahidi uliochapishwa kitabuni. Heri ya wanaoomboleza, ikisomwa mahali ambapo maombolezo yanaandikwa na kutunzwa, hainyamazishi mtu. Nakubali kwamba kati ya kukumbuka na kudai haki upo mwendo mrefu, na Kiungani ya 1887 haikuumaliza.

Aliyesogea mbele katika mwendo huo ni Weston, na hapa sifichi kwamba namwona kuwa mtu mkubwa kuliko wote waliokalia kiti cha uaskofu cha Mkunazini enzi za ukoloni. Alifika Unguja 1898, akafundisha Kiungani, akawa askofu 1908. Mwaka 1907 alikuwa ametoa kitabu cha kitaalimungu, *The One Christ*, kinachojadili jinsi Mwana wa Mungu alivyojiwekea mipaka kwa kuwa mtu. Wasomaji wa Ulaya walikipokea kama hoja ya darasani. Kwa fikra zangu ndicho ufunguo wa yote yaliyofuata: ikiwa Bwana mwenyewe amekuwa maskini, basi umaskini wa roho si sharti analopewa mtumwa kwanza, anayeanza kudaiwa ni yule aliye juu. Mwaka 1916, vita vilipoingia Afrika Mashariki, Weston alikusanya na kuongoza kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar, akatembea nao bara kwa miguu. Aliona kwa macho yake mzigo unavyomkata bega mtu aliyelala njaa. Katika vita vile wapagazi waliokufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, wanakadiriwa kuwa karibu 100,000, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Vita vilipokaribia mwisho aliandika barua ya wazi kwa Jenerali Smuts, *The Black Slaves of Prussia*, ya 1918, akishitaki ukatili wa utawala wa Kijerumani. Wapinzani wake hulitumia andiko hilo kumwita kipaza sauti cha dola ya Kiingereza iliyokuwa inalitamani koloni la adui. Shutuma hiyo ingemshinda kama angenyamaza baada ya ushindi. Hakunyamaza. Oktoba 1919 serikali ya Gavana Northey, Kenya, ilitoa waraka ulioagiza machifu na maofisa wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kila mtu aliyeishi vijijini alijua himizo la chifu lina maana gani. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dkt. Arthur wa misheni ya Waskoti, waliandika kumbukumbu ya pamoja. Walieleza hofu zao juu ya madhara ya waraka, lakini wakaona kwamba kazi ya lazima ikiwekewa sheria na mipaka ni afadhali kuliko shinikizo la kichinichini. Hawakuwa watu wabaya, na hoja yao ilikuwa na mantiki ya kiutawala: kisichoweza kuzuiwa kisimamiwe. Weston aliikataa tangu msingi. Katika waraka wake wa 1920, *The Serfs of Great Britain*, aliigeuzia Uingereza shutuma ile ile aliyowatupia Wajerumani miaka miwili nyuma: kumlazimisha mtu alitumikie shamba la mwingine kwa faida ya huyo mwingine ni utumwa uliobadilishiwa jina, na Kanisa haliwezi kuubariki hata ukiandikiwa masharti mazuri. Alisafiri hadi Uingereza, ulikokuwa unafanyika Mkutano wa Lambeth wa maaskofu wa Kianglikana, akalifikisha suala hilo kwa wakubwa wa Kanisa na serikali. Hakuwa peke yake, J. H. Oldham, kiongozi wa harakati za misheni, alikuwa akifanya kazi kubwa ya ushawishi London. Mwaka 1921 Waziri wa Makoloni, Winston Churchill, alitoa maagizo yaliyozuia maofisa kuwatafutia walowezi vibarua, na kazi ya lazima ikabakizwa kwa mahitaji ya serikali tu.

Utakuta Biblia ile ile mikononi mwa maaskofu wote watatu. Wawili walisoma upatanishi kuwa ni kutafuta nafuu kati ya mlowezi na mwanakijiji. Mmoja alisoma kwamba hakuna upatanishi mahali ambapo upande mmoja umeshikwa shingo. Ni vigumu kuiacha habari hii kisha ukadai kwamba maneno ya Heri, yenyewe kwa asili yake, huzaa utiifu. Wapo wanaosema Weston aliongozwa na ukaidi wa kidhehebu tu, kwa kuwa tangu 1913 alikuwa amewashitaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, baada ya mkutano wa Kikuyu na ibada yake ya pamoja na madhehebu mengine. Ugomvi huo sioni haja ya kuupa nafasi kubwa. Ulikuwa wa Waingereza kwa Waingereza. Lakini hata ukiupa uzito wote, hauelezi kwa nini 1923, akiwa mwenyekiti wa Kongamano la Waanglo-Katoliki, London, mbele ya watu waliompenda kwa sababu ya uvumba na taji, alichagua kuwaambia kwamba ibada yao mbele ya Ekaristi ni bure ikiwa hawamwoni Kristo katika mitaa ya maskini.

Pingamizi ninaloliona kuwa zito kuliko yote linatoka upande mwingine: hapa anasifiwa Mzungu kwa kuwasemea Waafrika. Wao wenyewe walisema nini? Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni na kusoma Kiungani, alipewa upadri Mkunazini mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa UMCA. Alikuwa amekwisha kwenda Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, tangu 1886, akalijenga kanisa huko kwa takriban miaka 11, mara nyingi bila Mzungu karibu. Mtu aliyeuzwa kama bidhaa alirudi katika nchi ya Wayao akiwa kiongozi anayeletewa jambo na kuliamua. Hayo ni maelezo ya Heri pia, na yaliandikwa kwa maisha kabla Weston hajatia mguu Unguja. Hata hivyo lazima isemwe kwamba Weston, aliyewapa upadri Waafrika wengi, aliendelea kuamini ulezi: kwamba Mwingereza ni mlezi na Mwafrika ni mtoto anayekua. Alifariki Hegongo tarehe 2 Novemba 1924. Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti kile, Yohana Jumaa, alikipata 1968, miaka 44 baadaye, wakati nchi yenyewe ilikuwa imekwisha kujitawala. Waraka wa 1920 uliwafuata gavana wa Nairobi na wakubwa wa London. Kiti cha askofu wa Mkunazini haukukigusa.