MAINE: JIMBO LA MISONOBARI NA WAJUKUU WA GOSHA

 

Katika kurasa za historia tumezoea kusoma habari za Andalusia, Baghdad na Timbuktu. Mara hii twende upande mwingine kabisa, pembe ya kaskazini mashariki ya Marekani, kwenye jimbo liitwalo Maine. Utauliza, sisi na Maine wapi na wapi? Vuta subira, utaona.

Maine ni jimbo la pwani lenye baridi kali. Ukubwa wake ni kama moja ya sita ya Kenya, na sensa ya 2020 ilihesabu watu wapatao milioni 1.36 tu. Karibu asilimia 90 ya ardhi yake ni msitu, na hakuna jimbo jingine la Marekani lenye msitu kiasi hicho. Pwani yake imekatika-katika kwa ghuba na visiwa, na wavuvi wake ni mashuhuri kwa kamba mawe. Limepakana na jimbo moja peke yake, New Hampshire. Upande mwingine ni Kanada na bahari.

Wenyeji wa asili ni Wawabanaki, maana yake watu wa nchi ya mapambazuko, kwa sababu jua hulichomozea huko mapema. Mataifa yao, kama Wapenobscot na Wapassamaquoddy, yapo mpaka leo. Waingereza walijaribu kuweka makazi mwaka 1607, wakashindwa na kurudi kwao baada ya mwaka mmoja. Lakini msitu walikuwa wameshauona. Msonobari mweupe wa huko hunyooka kama mshale na kurefuka sana, na watu wa pwani hatuhitaji kuambiwa mti wa namna hiyo una kazi gani: mlingoti! Manowari za Uingereza zilihitaji milingoti mikubwa. Basi mwaka 1691 mfalme akajiwekea haki ya kila msonobari wenye upana wa inchi 24 na zaidi uliokuwa kwenye ardhi isiyo ya mtu binafsi. Watu wake walipita msituni wakiipiga miti alama ya mshale kwa shoka. Walowezi walichukia mno, na chuki ya miti ni mojawapo ya mambo yaliyochochea uasi dhidi ya Uingereza.

Ndiyo maana msonobari umejaa kwenye alama zao. Jina la utani ni Jimbo la Msonobari. Hata ua lao rasmi, walilochagua mwaka 1895, si ua hasa bali ni koni ya msonobari! Kwenye nembo yao kuna msonobari, mnyama aitwaye moose (jamii ya kulungu, lakini mkubwa kuliko ng'ombe), nyota ya kaskazini, mkulima upande mmoja na baharia upande wa pili. Chini ya nyota kuna neno la Kilatini, Dirigo, yaani naongoza. Hata paka wanaye wa jimbo, mwenye manyoya mengi na mwili mkubwa. Ndugu zetu wa Lamu wasicheke.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Maine ilikuwa sehemu ya Massachusetts mpaka mwaka 1820. Wakati huo Marekani ilikuwa na majimbo 22, nusu yakiruhusu utumwa na nusu yakiukataza. Missouri iliomba kuingia kama jimbo la watumwa, na Maine ikaomba kuingia kama jimbo huru. Wakubwa wa Washington wakafanya biashara: ninyi mtapata Maine, na sisi tutapata Missouri, mizani isilale upande wowote. Baadhi ya watu wa Maine walipinga kwamba uhuru wao ulipiwe kwa shingo za watumwa, lakini wapi! Tarehe 15 Machi 1820 Maine ikawa jimbo la 23. Missouri ikafuata mwaka 1821, na utumwa wake.

Tangu hapo jimbo hili limekuwa na nyuso mbili. Katika mji wa Brunswick ndipo bibi mmoja, Harriet Beecher Stowe, alipoandika riwaya ya Uncle Tom's Cabin iliyotoka mwaka 1852 na kuwaamsha wengi dhidi ya utumwa. Lakini karibu na hapo, katika mji wa Lewiston, viwanda vikubwa vya nguo vilijengwa kando ya mto Androscoggin, na pamba yake ilitoka kusini, ilichumwa na watumwa. Na mwaka 1912, utumwa ukiwa umefutwa zamani, serikali ya jimbo iliwafukuza wakazi wa kisiwa kidogo cha Malaga, watu kama 45, weusi na weupe waliooleana. Nyumba ziliondolewa, baadhi yao wakapelekwa kwenye taasisi ya watu walioitwa punguani, na makaburi yakafukuliwa. Ndiyo, hata maiti hawakuachwa. Serikali ilikuja kuomba radhi mwaka 2010, karibu miaka mia baadaye.

Kwa upande wetu Waislamu, jina la Lewiston linajulikana kwa jambo lingine. Tarehe 25 Mei 1965 Muhammad Ali, aliyekuwa ametangaza Uislamu wake mwaka uliotangulia, alimwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza. Pigano lilihamishiwa huko baada ya kukwama Boston, na waliohudhuria hawakuzidi elfu mbili na kitu. Ile picha ya Ali akimsimamia Liston aliyelala chali ilipigwa Lewiston.

Baadaye viwanda vya nguo vikafungwa, vijana wakahama, nyumba zikabaki tupu na kodi ikashuka. Hapo ndipo Wasomali walipoingia. Walianza kufika Februari 2001, familia moja ikiiambia nyingine: kuna mji mdogo, nyumba rahisi, watoto hawana bunduki mtaani. Wengi walikuwa wamepitia kambi zetu za Dadaab. Kufikia vuli ya 2002 walizidi elfu moja, katika mji wa watu kama 36,000 ambao karibu wote walikuwa weupe.

Na fikiria wakati wenyewe. Ramadhan yao ya kwanza huko iliingia Novemba 2001, miezi miwili tu baada ya Septemba 11.

Oktoba 2002 meya wa mji alitoa barua ya wazi akiwataka wazee wa Kisomali wawaambie jamaa zao wapunguze kuja, ati mji umeelemewa. Wazee nao walimjibu kwa maandishi, wakimweleza kwamba wako pale kihalali na wana haki ya kuishi popote kama wengine. Barua ile iliwafurahisha wabaguzi wa nchi nzima. Kundi moja la wenye kutukuza uzungu likatangaza mkutano Lewiston tarehe 11 Januari 2003. Siku ilipofika, kwenye mkutano wao walikuja watu kama thelathini. Upande wa pili wa mji, watu zaidi ya 4,000, wengi wao Wakristo weupe, walijitokeza kwenye baridi ile kuwaunga mkono Wasomali. Mtu akisoma habari hii hawezi kuacha kumkumbuka Najashi wa Habasha na masahaba waliokimbilia kwake.

Mambo hayakuisha hapo. Julai 2006 mtu mmoja alitupa kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti wa Lewiston watu wakiwa kwenye swala. Wenyewe waliendelea kuswali kwenye msikiti ule ule.

Miaka hiyo hiyo kulifika kundi jingine, na hili ndilo linalotugusa sisi hasa. Ni wale waitwao Wabantu wa Somalia, watu wa Gosha, bonde la mto Juba. Babu zao walikuwa Wazigua, Wayao, Wamakua na Wanyasa, waliokamatwa katika karne ya 19 na kupakiwa majahazini kutoka pwani ya Tanzania na Msumbiji mpaka bandari za Somalia. Waliotoroka walijificha kwenye msitu wa Juba wakalima. Masimulizi ya Wazigua yanamtaja mwanamke, Wanakhucha, aliyewaongoza kutoroka. Mpaka leo wapo wanaosema Kizigua. Vita vya 1991 viliwasukuma Dadaab, na hata kambini walibaguliwa kwa ajili ya nywele zao na asili yao, na wenzao walioswali nao. Tuliseme hili bila kuficha, kwa maana biashara ile ilifanywa na Waislamu pia, kwenye bahari yetu hii.

Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwachukua wapatao 12,000. Mwaka 2002 walipelekwa Kakuma kwa mabasi kwa ajili ya mahojiano, kisha wakatawanywa miji mbalimbali, na kuanzia 2005 wengi wakahamia Lewiston wenyewe. Mwanazuoni Catherine Besteman, aliyeishi kijiji kimoja cha Juba mwaka 1987 na 1988, alikutana nao tena huko mwaka 2006, wao na watoto wao! Jimbo lililozaliwa kwa biashara ya watumwa wa watu wengine limekuwa nyumba ya wajukuu wa watumwa wa pwani yetu. Sasa wana mashamba yao wanayolima pamoja, mahindi na mboga, kama walivyolima Juba.

Vijana wapenda soka msikilize hii. Novemba 2015 timu ya shule ya sekondari ya Lewiston, iliyojaa watoto wa wakimbizi, wengine waliojifunza mpira kwenye vumbi la Dadaab, ilitwaa ubingwa wa jimbo kwa kushinda fainali 1-0. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya shule ile. Na Desemba 2021 Deqa Dhalac, mzaliwa wa Mogadishu na mvaa hijabu, alichaguliwa meya wa South Portland, Msomali wa kwanza kuwa meya Marekani. Mwaka uliofuata aliingia bunge la jimbo pamoja na Mana Abdi wa Lewiston. Hata Kiswahili kinasikika Portland siku hizi, kwa ajili ya ndugu waliokimbia kutoka Kongo na Burundi.

Saumu ya huko nayo si mchezo. Ramadhan ya 2015 iliingia katikati ya Juni, na Magharibi ilikuwa karibu saa mbili na nusu usiku. Ukianzia Alfajiri, hiyo ni zaidi ya saa 17. Lakini mwezi unazunguka. Inshaallah mwaka 2030 Ramadhan itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Kwenye theluji ile adhana ya Magharibi itakuwa saa kumi na dakika chache za jioni, saa ambayo sisi hapa Mombasa ndio kwanza tunatoka kuswali Alasiri.