«Kwa Haki» na «Si Bure»: Kielezi Kimoja na Wakimbizi wa Mpanda

Katika Kiingereza cha karne zilizopita kielezi 'justly' kilitumika sana. Siku hizi hakisikiki mno ila katika maandishi ya sheria na ya dini. Kielezi hicho kilibeba mizigo miwili. Hakimu aliweza kuhukumu 'justly', yaani kwa uadilifu. Na mtu aliweza kuogopa 'justly', yaani kuogopa jambo ambalo kweli lilikuwa la kuogopwa. Mzigo wa kwanza wahusu tendo, wa pili wahusu dhana iliyomo moyoni. Mfasiri aliyezoea kuandika «kwa haki» kila akutanapo na neno hilo atakuwa salama katika ule wa kwanza. Katika ule wa pili atapotosha.

Neno haki tulilipokea kutoka Kiarabu, ambamo shina lake lina maana ya ukweli pamoja na maana ya stahili. Hakika latoka katika shina hilo hilo. Lakini katika Kiswahili ndugu hawa wawili waligawana urithi: hakika ikachukua ukweli, haki ikabaki na stahili na uadilifu. Kwa hiyo «anaogopa kwa haki» haitwambii kwamba anachokiogopa kipo. Yatwambia tu kwamba hatuna budi kumruhusu aogope, jambo ambalo twaweza kumruhusu hata mtoto anayeogopa giza.

Haya yangekuwa mabishano ya wanalugha tu, lau si watu waliofika Mpanda.

Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Tanzania. Makazi ya Katumba, wilayani Mpanda, yalianzishwa mwaka 1973, na yale ya Mishamo mwaka 1978. (Mkoa wa Katavi, ambamo makazi hayo yamo leo, haukuwapo, ulianzishwa mwaka 2012.) Walipewa ardhi, wakafyeka msitu na kulima. Wakati ule wakimbizi walipokelewa kwa makundi: sheria ya mwaka 1966 iliyohusu udhibiti wa wakimbizi ilimwezesha Waziri kutangaza kundi zima la watu kuwa wakimbizi. Mkulima wa Katumba hakulazimika kueleza, mmoja mmoja, kwa nini aliogopa.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, wamtazama mtu kwa namna nyingine. Kwa mujibu wake, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa kuwa ana hofu ya kuteswa, na hofu hiyo sharti iwe na msingi. Nakala ya Kiingereza yaifunga sifa hii kwenye jina, hofu. Nakala ya Kifaransa yaifunga kwenye kitenzi, ikimtaja mtu anayeogopa kwa sababu. Kifaransa, basi, kimetumia kielezi, nasi twaona kwamba kimekaribia zaidi mwendo wa Kiswahili, lugha ipendayo vitenzi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliingiza fasili hiyo katika sheria za nchi yetu.

Sasa tazama uzito wa kielezi kibovu. Afisa akisoma «hofu ya haki», ataanza kuuliza kama mwombaji ana haki. Hali swali ni kama hatari ipo. Akisoma «woga», mambo yamezidi kuharibika, maana woga ni tabia ya mwoga, na aitwaye mwoga amekwisha hukumiwa nusu. Hofu haimtukani mtu. Tofauti hizi ndogo zaweza kumrudisha mtu alikotoka.

Wala swali halikwisha kwa kupokelewa. Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972, waliokuwa kama 218,000 katika Katumba, Mishamo na Ulyankulu ya Tabora, walitakiwa kuchagua kati ya kurejea Burundi na kuomba uraia wa tajnisi. Kama wanne katika kila watano walichagua uraia; zaidi ya 162,000 walikubaliwa mwaka 2010, ingawa vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014 tu. Katika miaka hiyo mtu aliweza kuulizwa: je, bado unaogopa, na je, unaogopa bure?

Neno «bure» ndilo lililotupa njia. Msemaji wa kawaida hasemi kwamba fulani ameogopa kwa haki, husema, «Ameogopa, na si bure.» Maneno hayo mawili yana yote yaliyokuwamo katika mzigo wa pili wa kielezi cha Kiingereza: sababu ipo, na ni ya kweli. Tatizo ni kwamba yana harufu ya barazani, na mwandishi wa sheria hatayakubali. Mahakama zetu, hata hivyo, zimekwisha zoea «sababu za msingi», na hapo hatuhitaji kubuni kitu.

Kwa kuwa sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na fasili ya mkimbizi ni miongoni mwa zitakazosomwa kwa makini, pendekezo letu ni hili. Kwa tendo, «kwa haki» iendelee. Kwa imani, shaka na hofu, iandikwe «kwa sababu za msingi», ikifuata kitenzi chake: mtu ambaye, kwa sababu za msingi, anahofu kuteswa. Na mkalimani aliyeketi mbele ya mzee wa Mishamo amwulize tu kama ahofuvyo ni bure au si bure, mzee atamwelewa.