Kuku wa Mama, Jogoo wa Baba

Kwa sisi wa mjini, kuku huja kwa vipimo: robo, nusu, mzima. Tunamjua akiwa uchi nyuma ya kioo, akizungushwa motoni kando ya barabara, ndiyo maana watu wa Nairobi wakambandika jina la "kuku porno". Tunamjua akiwa yai la kuchemsha, limepasuliwa na kujazwa kachumbari. Lakini hebu jiulize: huyu ndege alifikaje huku? Kanga ni wa Afrika, mbuni pia. Kuku si wa hapa. Ni mgeni aliyekaa sana hadi tukasahau kwamba aliwahi kuwa na kamba mguuni.

Babu yake ni kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Utafiti wa jeni uliotoka mwaka 2020 ulionyesha kwamba jamaa zake wa karibu zaidi wako Thailand kaskazini, Myanmar na kusini-magharibi mwa China. Mifupa ya zamani zaidi ambayo watafiti wanakubali kwamba ni ya kuku wa kufugwa ilichimbuliwa Ban Non Wat, Thailand, na ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 KK. Mwaka 2022 watafiti walitoa maelezo yanayonifurahisha: watu walifyeka msitu, wakapanda mpunga na nafaka nyingine, na ndege wakavutwa na punje zilizomwagika. Wahenga wametuonya kwamba penye kuku wengi hapamwagwi mtama. Kumbe urafiki wetu na kuku ulianza hasa kwa nafaka kumwagwa.

Afrika alifika kwa njia zaidi ya moja. Huko Mezber, kaskazini mwa Ethiopia, kumepatikana mifupa yake yenye umri wa zaidi ya miaka 2,400. Pwani yetu, wachimbaji wameikuta Shanga, kisiwani Pate, mji ulioanza karne ya 8. Nao uchunguzi wa jeni za kuku wa vijijini Afrika Mashariki umekuta koo tofauti: nyingine zinaelekea Bara Hindi, nyingine Asia ya Kusini-Mashariki. Yaani kuku wa shosho yako pale kijijini ana damu ya baharini. Na ukimwona kuchi wa Lamu, yule mrefu mwenye shingo ndefu na hasira za bondia, utaamini.

Bara alienea hadi kila lugha ikawa na jina lake. Mswahili anasema kuku, Mkikuyu ngũkũ, Mluhya ingokho, Mganda enkoko, Mzulu inkukhu. Sikiliza hayo majina, ni kama ndege mwenyewe anajitaja. Kiswahili hakikutosheka na jina moja: kuna kifaranga, kuna tembe ambaye bado hajaanza kutaga, kuna mtetea anayetaga, kuna koo mwenye vifaranga, kuna jogoo, kuna jimbi. Watu hawatungi majina yote hayo kwa mnyama wasiyemwangalia kila siku.

Swali langu ni hili: nani alikuwa anamwangalia?

Historia tuliyosomeshwa shuleni ni ya ng'ombe. Mahari ni ng'ombe. Faini ni ng'ombe. Tukisoma jinsi Waingereza walivyowavamia Wanandi mwaka 1905 na 1906, tunahesabiwa ng'ombe, kondoo na mbuzi waliotwaliwa, kwa maelfu. Hiyo ilikuwa mali ya wanaume, na mali ya wanaume ndiyo iliyoandikwa. Kuku, katika nyumba nyingi za Kenya, alikuwa wa mama. Mama hakuhitaji kuitisha kikao cha ukoo ili amuuze. Chumvi ikiisha, mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa daftari, mtu akiugua usiku, tenga lilifunguliwa. Ilikuwa akaunti isiyo na fomu wala sahihi ya mume. Hata hivyo, mila za Waluhya zilimkataza mwanamke kula kuku, na hadi leo ziko nyumba ambazo imondo, yaani firigisi, lazima iende kwa baba. Aliyemlea, akamponya na kumficha mwewe alibaki na mchuzi wa kupika.

Sasa mtazame dume lake. KANU ilipoundwa mwaka 1960, ilichagua jogoo kuwa alama yake. Yumo pia kwenye nembo ya taifa, ameshika shoka. Toa sarafu mfukoni, utamwona. Nairobi kuna Jogoo Road na kuna Jogoo House. Jogoo alipewa barabara na ofisi ya serikali; mtetea aliyelipa karo hana hata kichochoro. Silalamiki juu ya jogoo, jamani. Nasema tu kwamba hata ndani ya banda moja, tulijua nani wa kumkumbuka.

Halafu akaja broila. Mwaka 1923 huko Delaware, Marekani, mwanamke aitwaye Cecile Steele aliagiza vifaranga 50 wa kutaga, akaletewa 500. Badala ya kuwarudisha, aliwalisha na kuwauza kwa nyama. Mwaka 1926 tayari alikuwa na banda la kuku 10,000. Mwaka 1948 kukawa na mashindano ya taifa zima ya kumtafuta "kuku wa kesho", mwenye kifua kinene na anayekua upesi. Kesho hiyo ndiyo iko kwenye sahani yako: broila huchinjwa akiwa na wiki tano au sita, wakati kienyeji huhitaji karibu nusu mwaka. Hata kule, basi, ilianza kama kuku wa mama, ikaishia kuwa mali ya makampuni.

Huku kwetu mabadiliko hayo yana bei. Kienyeji hujitafutia wadudu na kuatamia mayai yake mwenyewe. Broila anataka chakula cha gunia, joto la taa na vifaranga wapya wa kununua kila awamu. Mwenye mtaji anapata. Vijana wenzetu wengi wamekopa wakajenga banda, kisha bei ya chakula ikapanda na hesabu ikakataa. Na kijijini, kideri kikipita bila chanjo, akiba ya mama inalala chini kwa wiki moja, ilhali chanjo yenyewe ni tone tu la jicho. Ng'ombe wakifa hivyo, ingekuwa habari ya saa moja jioni.

Kwa hivyo ukipiga simu nyumbani wikendi hii, usiulize tu kama kuna mvua. Uliza kuku wangapi waliuzwa ili uvae sare ya kwanza ya shule, na nani aliwauza. Uliza kama wamechanjwa. Halafu majibu uyaandike mahali, maana hakuna karani aliyewahi kutumwa kuyaandika.