Miembe ya Njia ya Misafara

Mwembe, mti wenye asili ya Bara Hindi na nchi jirani za Asia, ulivuka bahari karne nyingi kabla ya kuenea bara. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa kwa wali wa samli ulioandamana na achari, yaani matunda yaliyolowekwa katika siki na chumvi, na akaeleza kwamba embe bichi ni kali kama limau ilhali lililoiva ni tamu mno.

Kuenea kwa mti huu kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji kunahusishwa hasa na karne ya 19, wakati wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walipoanzisha vituo vya pembe za ndovu na watumwa. Kokwa la embe likikauka hufa upesi, tena mche utokanao nalo huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Kwa hiyo si rahisi kuamini kwamba safu za miembe ziliota kwa bahati tu, kutokana na kokwa zilizotupwa na wapita njia. Inaelekea zaidi kwamba miembe hiyo ilipandwa na watu waliokusudia kukaa, ikatunzwa na kumwagiliwa, na katika mashamba ya Unyanyembe, eneo la Tabora, kazi ya namna hiyo ilikuwa juu ya watumwa. Wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walipata kivuli. Waliofungwa minyororo walipita chini ya kivuli hichohicho wakielekea pwani.

Ujiji huzungumzwa zaidi kwa sababu ya mwembe mmoja, ule unaotajwa kuwa mahali mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipokutana na mmisionari David Livingstone mwaka 1871. Mti huo haupo tena, bali pana mnara wa kumbukumbu na miembe inayosemekana kuwa uzao wake. Ni jambo la kusikitisha kwamba mkutano wa wageni wawili umepata mnara, ilhali safu za miembe zilizoshuhudia maelfu ya mateka hazizungumzwi sana. Tanzania iliipendekeza njia hiyo ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwaka 2006 katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, na miembe yake mikongwe inastahili kulindwa sawa na ngome na makaburi.