Nadi Ikhwan Safaa na Hadithi ya Kasri

Imekuwa ada ya waandishi wa zama zetu, kila waitajapo taarabu ya Unguja, kuanza na Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, na kueleza namna alivyomtuma Mohamed Ibrahim aende Misri kujifunza kupiga kanuni, na namna huyo, aliporejea, alivyowafunza wengine. Hadithi hiyo sina haja ya kuikariri, maana kila msomaji anaijua, wala sikusudii kuikanusha. Ninachokikataa ni hukumu inayoambatishwa nayo, ya kuwa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu kilichoasisiwa mjini Unguja mwaka 1905 na ambacho kingali hai, ni mtoto wa kasri tu, na kwamba umri wake mrefu ni hisani ya masultani.

Tuanze na miaka. Tangu kufariki kwa Barghash hata kuasisiwa kwa chama ilipita miaka 17, na katika muda huo kiti cha enzi kilikaliwa na masultani kadhaa, na kasri lenyewe likapigwa mizinga na Waingereza mwezi wa Agosti 1896. Mtu anayedai kuwa vijana wa 1905 walirithi muziki wao moja kwa moja kutoka baraza ya mfalme ana deni la kutueleza ni nani aliyeutunza urithi huo wakati wote ule. Na wenzetu wa Lamu na Mombasa, ambao hukumbusha kuwa kibangala, kile chombo cha nyuzi kinachochongwa kwa kipande kimoja cha mti na kuwambwa ngozi, kilikuwa kikiandamana na mashairi ya upwani kabla ya kanuni ya Misri kusikika, wanastahili kusikilizwa kwa subira kubwa kuliko wanayopewa.

Lakini shahidi aliye karibu kuliko wote, naye hajaulizwa, ni jina la chama lenyewe. Nadi kwa Kiarabu ni mahali pa watu kukutanika, na asili yake ni moja na neno letu kunadi, yaani kuita kwa sauti. Ikhwan ni ndugu. Safaa ni usafi. Jina hilo halikubuniwa Unguja: lilikuwa la jamaa wa wanazuoni wa Basra wa karne ya 4 ya Hijria, walioandika risala zipatazo 52 juu ya elimu za zama zao, wakayaficha majina yao hata wataalamu wangali wakibishana walikuwa nani hasa. Risala ya 5 katika hizo ni ya muziki. Nilipoisoma niliona jinsi walivyozilinganisha nyuzi nne za udi na moto, hewa, maji na ardhi, na walivyoshikilia ya kuwa ulinganifu wa sauti ni tiba ya nafsi. Sisemi kuwa kila kijana wa 1905 alikuwa ameifungua risala hiyo; nasema kwamba watu waliotaka kujinasibisha na kiti cha enzi wasingalichagua jina la udugu wa watu waliokataa hata kujulikana, ilhali majina ya kumtukuza sultani yalikuwa tele.

Sasa nafika kwenye shitaka lililo zito zaidi, nalo ni kwamba Ikhwan Safaa waliimba kwa Kiarabu takriban nusu karne, hali wasikilizaji walio wengi hawakukifahamu, na kwamba taarabu ya wananchi ilizaliwa na Siti binti Saad peke yake. Siti simpunguzii hata chembe. Mwanamke huyo wa Fumba, muuza vyungu aliyehamia mjini mwaka 1911, ndiye aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kuitia sauti yake katika sahani za santuri, Kiswahili kikasikika kwa fahari kila penye santuri katika pwani yetu. Na Shaaban Robert alifanya insafu alipomwandikia wasifu. Lakini wale wanaomfanya Siti fimbo ya kuwapigia Ikhwan Safaa husahau alifunzwa na nani. Yasimuliwa kuwa Ali Muhsin, aliyeisikia sauti yake na kumfundisha kuimba, alikuwa mtu wa chama hicho hicho. Tutawezaje, basi, kuwafanya mwalimu na mwanafunzi kuwa mahasimu wawili?

Tena Kiarabu cha wakati ule hakikuwa lugha ya kasri peke yake. Kilikuwa lugha ya chuo, ya maulidi na ya kasida, na mtoto wa Ng'ambo asiyejua maana ya neno moja moja alikuwa keshaizoea sauti yake tangu utotoni. Lahani humteka mtu kabla maneno hayajamfikia. Nakiri kuwa chama kilichelewa kukikumbatia Kiswahili, na kuchelewa huko ni kosa. Lakini kuchelewa si kudharau.

Na ukitaka kujua ni nani aliyekiweka chama hiki hai, usiende Mizingani penye kasri. Nenda penye harusi. Hapo ndipo fidla, udi, kanuni, nai na akordioni, pamoja na dumbaki na rika, hufungua kwa bashrafu isiyo na maneno, mpaka watu watulie. Kisha mwimbaji huanza, na wanawake huinuka mmoja mmoja, noti mkononi, wakamwendea kwa mwendo wa madaha kumtunza, kila mmoja akichagua beti aliyoiona imesema yake ya moyoni. Mpokeaji wa tunzo hizo si sultani, wala mtoaji wake si sultani.

Mapinduzi ya 1964 yalivipa vyama vya taarabu bwana mpya, na chama cha Culture, chenye asili ya mwaka 1958, kikawa mshindani mkubwa wa Ikhwan Safaa, ambacho watu wa mjini wamekizoea pia kwa jina la Malindi. Miaka ya 1990 ikaja taarabu ya rusha roho na vinanda vyake vya umeme, ikawachukua vijana wengi. Chama hakikuziacha nyuzi zake, na mwaka 2005 kikatimiza miaka 100.

Karne hiyo nzima imeandikwa zaidi katika madaftari kuliko katika vitabu. Nawasihi, basi, wenye nyumba za Malindi, Ng'ambo na kwingineko, ambao babu au bibi zao waliandika mashairi ya chama hiki kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu au za Kirumi, wasiyaache yakaliwa na mchwa masandukuni. Wayapeleke Nyumba ya Nyaraka, Kilimani, yanakiliwe, kisha warudi nayo kwao.