Ulevi wa kupindukia na kumbukumbu: nini hutokea kwenye ubongo wa mnywaji

Mtu amekunywa sana jioni, ameuza ndama, amepokea fedha na kuzihesabu. Asubuhi anaapa kwamba hajauza kitu. Huku kwetu Tarime na Serengeti wengi watasema anadanganya, na wengine watasema amerogwa. Lakini huenda anasema kweli: kumbukumbu ya mauzo yale haikuwahi kuhifadhiwa kichwani mwake.

Ndani kabisa ya ubongo, karibu na usawa wa masikio, kuna sehemu inayoitwa hipokampasi. Tuifananishe na karani wa mnadani, anayeandika kila kinachouzwa. Pombe ikipanda haraka kwenye damu, karani husinzia huku mnada ukiendelea. Mlevi huyo huongea, hutembea, hata hupatana bei, kwa sababu sehemu nyingine za ubongo bado zinafanya kazi. Kesho yake ukimkumbusha haisaidii, maana daftari halina kitu. Ndiyo maana makubaliano ya shamba au mifugo kilabuni ni hatari kwa pande zote mbili, hata kama muuzaji alionekana timamu.

Hali hii huwapata zaidi wanaokunywa haraka, tumbo likiwa tupu, na kinywaji kikiwa kikali. Wazee wakizunguka chungu cha busaa na mirija yao, pombe hupanda taratibu. Gongo hupanda upesi, na kwa kuwa haina lebo, mnywaji hajui nguvu ya alichomimiwa. Viroba vilipigwa marufuku tangu 1 Machi 2017, na gongo ni haramu miaka yote, ingawa sote tunajua bado inapatikana.

Kusahau usiku mmoja si dalili kwamba ubongo umekwisha kuharibika. Madhara makubwa zaidi huja kwa anayekunywa kila siku kwa miaka huku hali chakula cha maana. Ubongo unahitaji vitamini B1, iitwayo pia tayamini, ili kugeuza chakula kuwa nguvu. Pombe huzuia utumbo kuifyonza, na mlevi mwenyewe mara nyingi hana hamu ya kula. Akiba ya mwilini ni ya wiki chache tu. Ugali wa muhogo una tayamini kidogo, na sembe iliyokobolewa imepoteza sehemu kubwa ya iliyokuwamo. Dona, ulezi, maharage na karanga zina zaidi.

Tayamini ikiisha, ubongo huumia ghafla. Daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza hali hiyo mwaka 1881: mgonjwa huchanganyikiwa, macho huchezacheza au huona vitu viwili viwili, na huyumba anapotembea. Si lazima dalili zote tatu zionekane pamoja. Hapa ndipo familia nyingi hupotea, kwa sababu mtu anayeyumba na kusema ovyo anaonekana amelewa tu, basi anaachwa alale. Kama hajanywa leo na bado anayumba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Waelezeni wahudumu wazi kwamba ni mnywaji na hali vizuri. Matibabu ni sindano za tayamini, na dripu ya sukari isitangulie bila vitamini hiyo, kwani inaweza kuzidisha hali.

Akicheleweshwa, huweza kubaki na ugonjwa ambao Mrusi Sergei Korsakoff aliueleza mwaka 1887. Mgonjwa anakumbuka vizuri ujana wake, lakini hajui kama amekula mchana. Mapengo huyajaza kwa hadithi anazoziamini mwenyewe: atakwambia jana alikuwa Mugumu kumbe hajatoka nyumbani wiki nzima. Kumfokea kuwa ni mwongo hakumsaidii. Baadhi hupata nafuu kiasi wakiacha pombe na kutibiwa, wengine hawarudi tena walivyokuwa.

Kwa mnywaji ambaye hajafika huko, habari ni nzuri zaidi. Akiacha, uwezo wa kufikiri na kukumbuka huanza kurudi baada ya wiki na miezi, ingawa si lazima wote urudi.

Jambo moja tunalisisitiza, kwa kuwa tunasikia familia zikimfungia mtu ndani ili aache. Aliyekunywa sana kila siku akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu, apunguziwe kwa dawa chini ya uangalizi. Wahudumu wakiona inafaa watampa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Musoma, au Bugando jijini Mwanza.

Na mlevi aliyeanguka akagonga kichwa asiachwe alale. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu kwa siku au wiki kadhaa, na usahaulifu unaoongezeka, kichwa kuuma na usingizi mzito vikadhaniwa kuwa ni pombe tu.